Fundi kapindua kitenge, sasa hapokei simu

Shikamoo shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani. Nina miaka 36 na kazi hii niliianza nikiwa na 22. Nina cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, nina ovaloki, na kijana mmoja ninayemfundisha. Nina mke na watoto wawili. Sinywi, sichezi kamari, na saa moja asubuhi nimeshafungua mlango kabla ya wenzangu wote wa barazani. Nayasema haya mapema ili usinijibu kwamba mimi ni mvivu, maana hilo nimeshaambiwa vya kutosha.

Tatizo langu ni kiroba. Ni kiroba cha salfeti, zamani kilikuwa cha sukari, nimekiweka pembeni nyuma ya ovaloki. Kazi nisiyoitaka naitia humo. Kila nikifungua duka naapa kwamba leo ndiyo siku yake. Kisha nafagia. Natia mafuta cherehani. Naagiza chai na chapati. Anakuja dada na dera la kukunja pindo, nalimaliza kwa dakika kumi, nimepata hela, najiona fundi. Anakuja mwingine na suruali ya kupunguza kiuno. Jua linapanda, kiroba kipo. Ikifika saa nane najiambia nimeshachoka, kazi ile inataka akili iliyotulia, nitaianza kesho asubuhi. Kesho yake nafagia.

Humo ndani sasa mna vitu tisa. Kuna koti la mwalimu mmoja linalotaka bitana mpya. Kuna gauni la lesi lililong'oka zipu, na lesi yenyewe imechakaa, ukiigusa inachanika. Kuna kanzu niliyoiunguza kidogo kwa pasi karibu na shingo, mwenyewe hajui. Kuna suruali tatu za bwana mmoja ambaye hajamalizia hela ya Idi iliyopita. Kumdai naona haya, na nikimshonea najiona mjinga. Vingine ni vidogo vidogo.

Chini kabisa kuna kitenge, na hicho ndicho kilichonifanya nikuandikie. Kina picha za ndege. Mama mmoja alikileta mwezi uliopita nimshonee gauni refu la sendofu ya binti yake. Ni sare ya ukoo mzima, kamati ilikwenda kununua majora Kariakoo. Nilikikata usiku, umeme umekatika, kwa tochi ya simu. Nilipounganisha mabega ndipo nikaona: ndege wa mbele wanapaa, wa mgongoni wanaanguka kichwa chini. Kilichobaki hakitoshi kukata mgongo mwingine.

Tangu siku hiyo simu yake sipokei. Ikiita naigeuza kifudifudi. Mwanzo nilimwambia tatizo ni umeme. Mara ya pili nikasema fundi wa ovaloki kafiwa. Ovaloki ni yangu, shangazi, na naiendesha mwenyewe. Wiki iliyopita alikuja mpaka dukani, nikatokea mlango wa nyuma, kijana wangu akamwambia nimekwenda Muheza. Kijana ana miaka 17. Nimemfundisha uongo kabla hajajua kutia kola.

Nilisikia redioni kwamba dawa ni kuianza siku na lile gumu kuliko yote. Nikajaribu, Jumatatu moja. Nilikimwaga kiroba chote mezani nikaanza na koti la mwalimu. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimefumua nusu ya bitana, wateja wa haraka nimewarudisha, na mfukoni sina hata hela ya mboga ya kupeleka nyumbani. Nikavirudisha vyote ndani. Tangu hapo kiroba nakiogopa zaidi.

Sendofu ni wiki sita zijazo. Nifanyeje?

Fundi wa Ngamiani

*

Marahaba, baba.

Kwanza uniwie radhi. Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita. Niliisoma, nikacheka pale kwenye ovaloki, halafu nikaiweka chini ya nyingine. Nimejibu ya mkwe, nimejibu ya mume anayelala na soksi, yako naipita tu. Sababu yake nitakwambia mbele. Kwa hiyo tuhesabu sawasawa: hiyo sendofu haiko wiki sita tena. Zimebaki tatu.

Ujue pia kwamba anayekujibu ni mteja. Nina gauni kwa fundi mmoja tangu Ramadhani, na kila nikipita ananiambia "njoo Ijumaa, mama." Sijawahi kuiona hiyo Ijumaa. Usitegemee basi nitakutetea sana mbele ya yule mama.

Hilo la uvivu nakubaliana nawe. Mvivu hafungui duka saa moja. Wewe kutwa unafanya kazi, na kazi yenyewe ndiyo unayojifichia. Watafiti wawili waliokuwa Kanada, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha si suala la kutojua kupanga saa, ni mtu kuutuliza moyo wake. Kazi inakuja na hisia mbaya, aibu au hofu au kinyaa, na mtu anaikimbia hisia hiyo. Papo hapo anapata nafuu, na bili anaachiwa yeye yule wa kesho. Nilipowasoma nikaiona simu yako imelala kifudifudi mezani. Ile sekunde inapoacha kuita, roho si inatua? Basi huo ndio mshahara unaolipwa kwa kutopokea, na unalipwa taslimu kila siku. Dera la dakika kumi nalo ni hivyo hivyo: hela ndogo, na nafuu kubwa ya kuwa mbali na kiroba.

Sijui kama unaikumbuka klorokwini. Kwa umri wako umeionja, maana Tanzania ilikuja kuiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Kwetu tulikuwa watoto sita, na homa ikiingia nyumbani haikuchagua. Mama anapanga vidonge mezani na kikombe cha maji. Kaka yangu mkubwa alikuwa akikitupa kidonge nyuma kabisa ya ulimi, maji, kimekwenda, anatoka kucheza. Mimi nilikiweka mdomoni kwanza ili nijipe moyo. Wewe unajua kilichofuata. Kidonge hakikungoji upate moyo, kinayeyuka. Kaka na mimi tulimeza dawa moja, kipimo kimoja, ila uchungu wake mimi niliunywa robo saa na kamasi juu. Halafu kaka akawashwa mwili usiku kucha na mimi nikawashwa vilevile.

Kitenge cha ndege umekiweka mdomoni mwezi wa pili sasa.

Nije kwenye ile Jumatatu yako, maana hapo ndipo palipokuharibikia, na redio ina sehemu yake ya lawama. Walikwambia anza na lililo gumu. Wewe ukachukua koti la mwalimu. Lakini koti lile ni gumu tu, halikuogopeshi. Kubadilisha bitana unajua, umeshabadilisha ngapi? Ni kazi ndefu, ya kufumua na kupima na kukata upya, inakula siku. Mtu anayekula kwa kazi ya siku hawezi kuifungua asubuhi yake kwa kazi ya siku nzima huku wenye madera wanageuzwa mlangoni. Hapo hukushindwa, ulihesabu vibaya.

Neno ninalolitaka mimi ni chungu. Gumu ni suala la mikono na saa, chungu ni suala la moyo. Hebu kipitie tena kiroba chako polepole. Kanzu iliyoungua: umeiacha kwa sababu hujui kuitengeneza? La, ni kwa sababu itabidi umwambie mwenyewe. Suruali tatu: kushona suruali hakukushindi, kumdai ndiko kunakokushinda. Gauni la lesi: mwenyewe anahitaji kuambiwa kwamba kitambaa kimekwisha na ukitia zipu mpya kinaweza kuchanika mbele yako, je, bado anataka? Na kitenge, hicho sina haja ya kukisema. Fundi, mle ndani mna ushonaji kidogo sana. Umejaza maneno usiyoyasema, ukayafunika kwa nguo.

Na maneno hayachukui siku. Simu ya kanzu ni dakika tano, ya lesi dakika tano. Ndiyo maana nasema lile la kuanza na chungu linawezekana hata kwa mtu wa hali yako. Ukilipima kwa saa, chungu chako ni kidogo kuliko chapati zako za asubuhi.

Sasa kitenge. Najua unachotaka kufanya, maana ndicho ningetaka mimi: kwanza nitafute kitambaa kama kile, niulize ndugu yangu aliyeko Dar apite Kariakoo, nikishakipata ndipo nimpigie nikiwa na habari njema. Usifanye hivyo. Hiyo ni kufagia duka kwa njia nyingine. Tena kitambaa unachokitafuta pengine kiko kwake. Sare ya ukoo ikinunuliwa kwa majora, mara nyingi pana mtu amebakiza, kuna shangazi aliyechukua yadi nyingi kuliko mwili wake, kuna binamu aliyeghairi kuja. Yadi mbili za kukutoa zinaweza kuwa zimekunjwa kabatini mwa mjumbe wa kamati, na wa kujua hilo ni yule mama peke yake. Kila siku unayomkimbia unazikimbia na yadi zako mbili.

Kwa hiyo unapiga kwanza. Usitume ujumbe, wala usimtume kijana. Unamwamkia, unajitaja, halafu unalisema kosa lenyewe kabla ya salamu hazijawa ndefu: "Mama, kitenge chako nimekikata vibaya. Mgongo umepinduka, ndege wanaangalia chini. Kosa ni langu, na nimekukwepa kwa aibu." Hapo unanyamaza. Atasema. Pengine atasema sana, na pengine atakutajia ile safari yako ya Muheza. Usiseme "ila" na usiutaje umeme. Umeme ulikatika mtaa mzima na wengine hawakukata kitenge. Akishatulia unampa njia. Kama kuna yadi zilizobaki kwa kamati, unakata mgongo mpya bila malipo. Kama hazipo, unatafuta kitenge kilekile kwa hela yako. Kama nacho hakipatikani, unamwonyesha mshono mwingine: mgongo wa kitambaa cha rangi moja kinacholandana na ndege, na vipande vya ule mgongo mbovu unavitumia kwenye mikono au mkanda, vikigeuzwa vizuri. Hapo wewe unajua kuliko mimi. Akitaka hela yake na kitambaa chake akapeleke kwingine, unampa, na mdomo unaufunga.

Nilikuahidi kukwambia kwa nini barua yako niliikalia. Niliwahi kuazima sufuria kubwa la pilau kwa jirani, tulikuwa na hitima. Vijana wakalikwangua kwa chepeo, likatoboka. Nilimrudishia mwenyewe? Sikumrudishia. Nililificha uani, na kwa miezi minane nilikuwa naizunguka nyumba yake kwenda dukani, njia ya mbali, jua kali, na magoti yangu haya. Nilipoona sasa natembea kama mwizi mtaani kwangu nikaenda nikabisha hodi. Akanikaribisha chai. Habari ya sufuria alikuwa nayo tangu wiki ya kwanza, mmoja wa wapishi alimwambia. Alichokuwa hajui ni kama nitakuja. Tulipatana nikamnunulia lingine kwa mafungu mawili, basi. Ninachokumbuka zaidi ni ile njia ya mbali, wala si bei ya sufuria.

Yule mama wa ndege naye anajua. Hajui ni mgongo, lakini fundi asiyepokea simu ameshajieleza. Kichwani mwake pengine umekiuza kitenge. Ukweli wako utakuwa nafuu kuliko anachokiwaza.

Baada ya hiyo simu, kwa kiroba kilichobaki, nina mambo mawili tu, yote ya dukani kwako.

La kwanza lifanye jioni. Kabla hujafunga, chagua kitu kimoja cha kesho, kimoja, usikimwage kiroba mezani tena. Kama ni cha kushona, kitie chini ya mguu wa cherehani ile unayoitumia zaidi, teremsha mguu, ukiache hapo kilale. Asubuhi yule dada wa dera hawezi kushonewa mpaka hicho kitoke, na wewe ukishakaa, mkono una kawaida ya kuendelea na kilicho mbele yake. Kama ni cha kusema, andika jina la mtu kwenye karatasi, likunje juu ya ufagio. Ukiushika ufagio unakutana nalo. Usiamue asubuhi. Asubuhi wewe ni wakili mzuri sana wa nafsi yako, utashinda kila kesi.

Saa zetu zinaanza kuhesabu jua linapochomoza, na saa moja ndiyo ya kwanza. Iachie hiyo chungu yako mpaka saa mbili. Ikifika saa mbili, hata kama bitana haijaisha, toa, shona madera, tafuta mboga. Kesho saa moja unaendelea ulipoachia. Koti la mwalimu kwa mwendo huo linakwisha kwa wiki moja bila mtu kulala njaa. Kuna siku hutaweza: pana msiba na watu wanataka nguo leo, au umeme umekuja saa moja na unajua saa tatu unakwenda zake, au ni kumi la mwisho la Ramadhani na umekesha. Siku hizo ziache. Ila simu haihitaji umeme wa cherehani, usinidanganye hapo.

La pili ni la kuziba tundu. Kiroba kinajaa kwa sababu kazi za kurekebisha unazipokea kwa bei ya huruma. Kutia zipu kwenye lesi iliyochoka kunakula saa nzima, na unalipwa kama pindo la dera. Moyo hauwezi kuipenda kazi ya namna hiyo, na sioni kwa nini uulazimishe. Pandisha bei, au useme "hii siiwezi, mama, mpelekee fulani." Kukataa mlangoni ni uchungu wa nusu dakika. Na ile siku unayomtajia mteja iandike kwenye daftari mbele yake, uhesabu zilizomo kabla ya kuitaja. Yule wa suruali tatu, mwambie deni la Idi kwanza, nguo baadaye. Akikasirika akaondoka nazo, umepata nafasi ya vitu vitatu kirobani.

Kuhusu kijana wako. Simu ya mama mpigie yeye akiwa amekaa hapo. Usimtume chai. Alikusikia ukienda Muheza, basi akusikie na ukirudi.

Leo ninapokujibu ni Jumapili, na wewe pengine utalisoma hili ukiwa umekaa, simu iko mkononi. Nambari yake unayo, imo kwenye orodha ya simu usizopokea, tena ziko nyingi. Usingoje saa moja ya kesho kwa hili. Hili peke yake halina saa.

Halafu uniandikie, nijue ndege wamepaa au wamebaki vilevile. Na kama yule fundi wangu naye ni msomaji wa safu hii: gauni ni la samawati, mikono mirefu, na simu yangu mimi huwa imelala chali.

Shangazi